Arobaini ya Kalomira

Pale bandarini kwetu Spetses pana sanamu ya shaba ya Kalomira binti Gikas, mwanamke aliyeongoza merikebu tatu katika vita vya kumtoa Sultani. Sanamu ina bastola mbili na kifua kikubwa. Kalomira hakuwa na kifua kikubwa, ila fundi alikuwa na shaba nyingi. Watoto wa shule hufundishwa kwamba jamaa zake walimjivunia tangu utotoni. Barua zifuatazo ziliandikwa na baba yake, Nahodha Gikas, na shangazi yake, Panoria, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Ni miaka kumi na saba kabla ya vita. Nimezirithi kwa upande wa mama, na sikuongeza neno.

*

Spetses, 9 Septemba 1803

Kwa kaka yangu Gikas, nahodha wa merikebu Faneromeni, popote barua hii itakapomkuta,

Salamu zitangulie. Baada ya salamu nakuuliza hali yako, na kifua chako, na mabaharia wako kila mmoja kwa jina lake. Sisi huku hatujambo. Kisima kina maji ya kutufikisha Oktoba. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Jirani Kyriakoula amemwoza bintiye kwa yule wa Poros, chakula kilikuwa kidogo na watu wamesema. Tini zimekauka vizuri.

Sote hatujambo, Gikas, isipokuwa Kalomira amekufa.

Kaa chini kwanza. Sikujua niiandike wapi habari hii, nikaona nikiitanguliza hutazisoma salamu.

Ni siku ileile mliyong'oa nanga. Alfajiri alichukua mashua yangu ndogo, nikadhani amekwenda kuchokoa pweza kama kawaida yake, baada ya mimi kumkataza kama kawaida yangu. Hakurudi. Kesho yake watu wa ng'ambo waliileta mashua, wameikuta imepinduka kwenye mawe, na kitambaa chake cha kichwa kimenasa penye kasia. Wanaume walipiga mbizi mpaka wakatoka damu masikioni. Mwili hatukuupata. Bahari ile ndiyo iliyomchukua mume wangu na wanangu wawili, na wao haikuwarudisha, kwa hiyo sikushangaa.

Harusi yake ilikuwa iwe baada ya mavuno ya zabibu. Mashuka nilishayadarizi. Mchumba wake Stamatis amelia, na baba yake fundi Vrettos amesimamisha nyundo zote pale anapoundia merikebu, nusu siku nzima. Siku ya kuvishwa pete Kalomira alikaa kama mtu anayeng'olewa jino, nami nikawaambia wageni ni haya za kike. Sasa naikumbuka siku ile na inaniuma.

Simlaumu mtu. Wewe ndiye uliyemfundisha kufunga mafundo na kusoma dira nilipokwambia mfundishe kunyamaza, lakini simlaumu mtu.

Padri Sofronis ameshamsomea dua ya siku ya tatu na ya tisa. Arobaini ningependa uwepo, ila wewe na barua zako mwendo wenu ni wa kobe. Nitaisoma bila wewe.

Usinywe. Vaa soksi za sufi.

Dada yako aliyebaki peke yake,
Panoria

*

Istanbuli, 24 Septemba 1803

Dada yangu mpenzi Panoria,

Nakusalimu mara nyingi, na mkono nakubusu. Hapa tumetia nanga tukingoja ruhusa ya kuingia Bahari Nyeusi. Karani mwenye muhuri anaumwa, na mwenye ufunguo wa muhuri amekwenda kumtazama. Mapeasi ni mazuri mwaka huu. Mpishi wetu ameungua kidole na supu imekuwa tamu zaidi, hatumuulizi. Humu chomboni sote wazima, na hata tumeongezeka kidogo.

Nimepata mtu mpya wa zamu. Sikumwajiri, alipatikana tu, kwenye chumba cha matanga, tulipokwisha kuupita ule mwamba wa mwisho. Mwenye akili angegeuza merikebu. Lakini upepo ulikuwa mzuri mno, dada, upepo wa nyuma, ambao mtu huukosa mwaka mzima. Anakula chakula cha watu wawili na anabisha, ila usukani anaushika vizuri kuliko Manthos, na Manthos ni msaidizi wangu miaka kumi. Ni mtu wa huko kwetu. Huenda unamjua.

Kama kuna kitu unakiona kimepotea hapo nyumbani, usikitafute mpaka ukachoka. Kuna vitu havipotei, vinahama.

Kuhusu ile harusi, sukari usiinunue haraka. Bei itashuka.

Mpe Kalomira salamu zangu. Au basi, usimpe, nitampa mwenyewe.

Mbona huniandikii? Wewe ukinyamaza huwa umekasirika. Kama umekasirika, sijui ni kwa nini.

Ndugu yako,
Gikas

*

Spetses, 19 Oktoba 1803

Kaka yangu Gikas,

Salamu. Mvua ya kwanza imenyesha na kisima kimepata. Mbuzi mmoja kati ya wale mapacha amekufa, mwingine mzima. Shemeji yako wa Kranidi anaumwa meno na anataka kila mtu ajue.

Barua yako ya Istanbuli imefika, na nimeona kwamba yangu hujaipata. Nimeisoma nikalia. Unasema salamu za Kalomira utampa mwenyewe. Kwanza nilidhani umeshapata habari na unataka kujitupa baharini umfuate, nikaenda kwa Padri Sofronis na barua mkononi. Akaisoma, akasema mtu anayesifia mapeasi hajiui. Nikapumua.

Basi nakwambia mara ya pili, maana kusema mara moja hakukutosha: Kalomira amezama. Arobaini tumeisoma Jumamosi.

Niliichemsha mwenyewe ngano ya kumkumbuka marehemu, katika sufuria kubwa lile la harusi kwa kuwa ndilo lililokuwa tayari. Nikatia zabibu kavu, komamanga, lozi, na juu sukari nyeupe, nikaandika jina lake kwa punje za peremende za rangi ya fedha. Kisiwa kizima kimekuja. Kila aliyechota alisema "Mungu amrehemu," mmoja mmoja, nami nikiwa nimesimama mlangoni nikiitikia. Bi Asimina, mamaye Stamatis, alikula sahani mbili na kusema imeiva vizuri. Halafu akaniomba ile pete, kwa upole, imefungwa kwenye leso. Nimempa. Nasikia ameshaanza kumtazama binti wa muoka mikate.

Nguo za Kalomira nimezigawa. Ni desturi. Sketi ya buluu amepewa huyohuyo binti wa muoka mikate, sikuwa najua wakati ule.

Nyumba imenyamaza sana. Nilikuwa nikimgombeza kutwa, sasa namgombeza mbuzi, na mbuzi hajibu.

Huyo mtu wako mpya mtazame vizuri. Mtu anayeingia chomboni kwa kujificha kwao ametenda jambo.

Dada yako,
Panoria

*

Odesa, 15 Novemba 1803

Dada yangu mpenzi, dada yangu mkubwa, uliyenilea na kunipa kila kitu,

Nakusalimu asubuhi, mchana na jioni. Wasalimie Padri Sofronis, jirani Kyriakoula, binti yake, mkwe wake wa Poros, na mpe pole shemeji kwa meno. Pole na mbuzi. Barua zako mbili zimenifikia siku moja, kwa mkono wa nahodha mmoja wa Idra. Baridi huku ni ya kupasua mapipa. Ngano ni nyingi, nyekundu, punje nzito. Tunapakia. Tutashuka Livorno, Waingereza walioifunga bahari wakituruhusu, na wasipoturuhusu pia.

Sasa lile jambo.

Kalomira hakuzama. Yuko hapa. Anakula.

Panoria, usiitupe barua hii, kuna zaidi. Alipiga makasia mpaka upande wa omo, mbele ya merikebu, akapanda kwa mnyororo wa nanga, mashua akaisukuma kwa mguu. Kitambaa alikivua kwa sababu kilimziba macho. Hakufikiria kwamba mtu angekikuta. Nilipompata nilimwambia, "Shangazi yako atakufa kwa hofu." Akanijibu, "Atakasirika wiki moja, halafu atapata barua yako." Kumbe barua yangu ilikuwa na mapeasi na karani. Nilitaka kukwambia polepole. Naona nilikwenda polepole mno.

Nilimsomea habari ya ngano ya arobaini yake. Halafu akauliza, "Alitia lozi?" Nikamwambia umetia. Akaenda kukaa peke yake huko omo, na mimi sikumfuata.

Nikwambie jingine. Mabaharia walikuwa wamenuna tangu Istanbuli. Unawajua watu wetu, mwanamke chomboni ni mkosi, na hata paka wa kike tuliwahi kumshusha Siro. Walisema nikimrudisha bandarini ndipo watakapoendelea na kazi. Barua yako ilipofika wakakaa kikao. Mpishi ndiye aliyesimama akasema:

"Jamani, huyu si kasomewa arobaini?"

"Kasomewa."

"Na ngano imeliwa?"

"Imeliwa."

"Basi si mwanamke huyo. Ni marehemu. Kuna aliyewahi kusikia marehemu analeta mkosi? Mkosi wake alishaumaliza."

Wakakubaliana. Tangu hapo wanamwita Marehemu. "Marehemu, vuta kamba!" "Marehemu, zamu yako!" Hakuna anayenuna. Na usiku mmoja hapo awali, kabla ya kufika hapa, tulipigwa na theluji ya upande, Manthos akapoteza mwelekeo, na Marehemu alisimama usukanini mpaka kukapambazuka, vidole vimeganda tukavibandua kwa maji vuguvugu. Hakulia. Aliuliza kama kuna mkate.

Hataki kukuandikia. Anasema anaogopa. Mimi pia.

Ndugu yako,
Gikas

*

Spetses, 8 Januari 1804

Gikas,

Hatujambo.

Niliipata barua yako siku ya kubariki maji. Niliisoma nikiwa nimesimama uwanjani, watu wakanishika. Padri Sofronis alipouliza kuna nini, nilisema mtoto yu hai. Watu wakapiga kelele za furaha, nami nikapiga, na tulipomaliza kupiga kelele hasira ikanishika na mpaka leo haijaniachia.

Upepo ulikuwa mzuri! Nilivaa nyeusi kwa ajili ya upepo wako. Nililala na kitambaa chake usoni kwa ajili ya upepo wako. Wewe ukiniandikia bei ya sukari. Sitaki unijibu kwa hili, huna jibu.

Nisikilize sasa, maana huku mambo yamekuwa mambo. Kwetu haijawahi kutokea mtu aliyesomewa arobaini akarudi. Padri Sofronis amefungua vitabu vyote. Anasema kuna dua ya kumtoa mtu duniani, ya kumrudisha hakuna. Jina lake liko upande wa wafu, huwa linasomwa kila Jumamosi, na akilifuta atakuwa amesema kanisa lilidanganya. Wanawake wazee wao wanajua la kufanya, kwa sababu wao hawana vitabu. Wanasema aliyesomewa hawezi kuvuka mlango wa nyumba, wala kukomunika, wala kumiliki jiwe, mpaka azaliwe tena. Aliyemlea anavaa shati lake la kulalia, refu, lililo pana, anasimama kwenye kizingiti cha kanisa, na yule mtu anaingia chini kwa upindo na kutokea shingoni, huku analia kama mtoto mchanga. Hapo anapewa jina lake. Na akishapewa jina lake anapewa vyote vilivyokuwa vyake.

Vyote, Gikas. Bi Asimina amekuja na ile pete, safari hii haikufungwa kwenye leso. Binti wa muoka mikate ameachwa na sketi yake ya buluu. Fundi Vrettos anasema ahadi ilitolewa kwa Kalomira, na Kalomira akiwapo ahadi ipo. Sikuzaliwa jana. Najua kwamba nusu ya Faneromeni ni ya Kalomira kwa urithi wa mama yake, na Vrettos anajua zaidi yangu. Wamesema pia kwamba mke wa Stamatis hatakanyaga chombo tena hata cha kuvukia ng'ambo.

Nami nimesema sawa.

Usinitazame hivyo, nakuona mpaka huku. Nimeipa bahari wanaume watatu. Nataka mtu mmoja wa nyumba hii afie kitandani, mzee, ananung'unika, amezungukwa na watoto. Ni hilo tu ninalolitaka duniani. Mlete Jumamosi ya Lazaro aliyefufuliwa. Kila mtu ameona siku hiyo ndiyo inayofaa.

Shati nimeshalishona.

Panoria

*

Livorno, 11 Machi 1804

Dada yangu Panoria,

Pokea salamu kutoka kitandani. Nimevunjika mguu, si vitani, nimevunjikia kwenye ngazi ya forodha, nikiwa na kofia mpya. Tabibu amenikataza kusimama mpaka Juni. Chakula cha hapa ni unga na mafuta. Ngano tumeiuza vizuri.

Merikebu anairudisha Manthos. Kwa makaratasi nahodha ni yeye. Barua hii atakuletea yeye mkononi, kwa sababu Marehemu nimemwambia asikanyage nyumbani kwako kabla ya lile jambo la shati.

Nikusimulie moja tu. Nje ya kisiwa cha Elba Waingereza walitufukuza kwa merikebu ya vita yenye mizinga safu mbili. Nikasema tushushe matanga, wachukue ngano, tubaki na roho. Yeye akasema, "Baba, chombo chao kinazama chini kuliko chetu. Kule kwenye mawe hawatatufuata." Nikamwambia, "Kwenye mawe hata sisi hatujifuati." Akanitazama tu, akiwa ameshika usukani, akingoja. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningekataa. Tulipita katikati ya mawe, ningeweza kuchuma kome kwa mkono. Waingereza walisimama nje wakitutazama. Mmoja alivua kofia.

Mimi ni baharia tangu nikiwa na miaka tisa, na nakwambia, mtu kama huyu sijamwona.

Kuhusu barua yako, nilimsomea yote, hata pale pa kuniogofya. Nilitegemea atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kumuunga mkono, halafu lawama zimwendee yeye. Hakubisha. Alisema hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Ni Stamatis, baba. Si mtu mbaya, ila nikiwa naye chumba kimoja napungukiwa pumzi. Lakini shangazi ameshanililia mara moja. Siwezi kumliza mara ya pili. Akinishikia shati, nitapita."

Nikamwambia, "Ukipita, hutatoka tena." Akasema, "Najua. Nimesikia habari ya chombo cha kuvukia ng'ambo."

Basi. Yuko mikononi mwako, na wewe ndiye uliyemlea. Mimi sikuombi kitu. Sina haki ya kuomba, umeshaniandikia hivyo, na mguu wangu unauma.

Ndugu yako,
Gikas

*

Spetses, 19 Aprili 1804

Kaka yangu Gikas,

Salamu kwako na kwa mguu wako. Usiukanyage kabla ya wakati, na hiyo kofia mpya itupe. Mbuzi mzima amekua. Shemeji yako wa Kranidi amekwisha kung'olewa lile jino na sasa hana la kuzungumza, ananitia huruma.

Faneromeni ilitia nanga Ijumaa. Manthos akaja na barua yako, nikaisoma, nikaikunja, nikalipiga pasi shati. Nakwambia haya ujue kwamba barua yako haikunibadilisha. Nililala nikiwa nimeamua, nikaamka nikiwa nimeamua.

Jumamosi watu walijaa mpaka kwenye ngazi za kanisa. Wamekuja na vile vimikate vya Lazaro, watoto wanavitafuna kabla ya wakati. Padri Sofronis alisimama ndani kidogo ya mlango, ili ikionekana ni dhambi awe hayupo. Fundi Vrettos na Bi Asimina walikaa mbele na sinia la lozi, pete katikati, Stamatis nyuma yao amechanwa nywele. Nami kizingitini, nimevaa lile shati juu ya nguo zangu nyeusi, pana kama tanga, najiona kichekesho.

Akapanda kutoka bandarini peke yake. Gikas, hukuniambia kama amekata nywele. Amevaa suruali ya Manthos, mikono ina lami, na amekuwa mrefu. Wanawake wakaanza.

"Ohoo, marehemu kanenepa!"

"Kawa mweusi kama sufuria langu."

"Huko ahera hakuna sabuni?"

Hakumjibu hata mmoja. Alinijia moja kwa moja, akasimama mbele yangu, na nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumla. Akasema, "Shangazi." Nilinyanyua upindo wa shati.

Bi Asimina akasogea, akasema, "Vuta upesi, Panoria, jua kali. Hizo nywele tutazifunika mpaka ziote. Na wewe binti, ukishatoka humo njoo huku kwa mama mkwe, Stamatis ataichukua merikebu kuanzia Mei, umekwisha kuhangaika."

Nilimtazama abishe. Gikas, huyu ni Kalomira, alikuwa akibishana na mimi juu ya chumvi, juu ya watakatifu, juu ya saa ya jua kuchwa. Alibishana hata na mbuzi. Nilingoja mdomo wake ufunguke. Alipiga magoti. Akainamisha kichwa, akafumba macho, mikono ameibana ubavuni kama alivyolazwa mama yake siku ile tulipomwosha.

Tangu Agosti nimelilia maiti ambayo sikuiona. Pale mlangoni niliiona.

Nikauachia upindo.

"Nini tena?" akauliza Padri Sofronis kutoka ndani.

"Baba Padri, huyu ni nani?"

"Panoria, huyu si Kalomira?"

"Simjui," nikasema. "Kalomira wangu alizama Agosti. Wewe mwenyewe ulimsomea. Hawa wote wamekula ngano yake. Bi Asimina alikula sahani mbili."

Hata watoto waliacha kutafuna.

"Una wazimu?" akasema Asimina. "Pua hii si ya kaka yako?"

"Pua hizi zimejaa Spetses nzima. Kamuulize baba yangu, yuko makaburini, hana haraka."

Fundi Vrettos yeye hakujali pua. "Na merikebu?"

"Nusu ya marehemu imerudi kwa baba yake. Nenda Livorno ukazungumze naye. Mguu umevunjika, hawezi kukukimbia."

Padri Sofronis akatoka sasa, jasho linamtiririka, akasema kwa sauti ya chini ili nisikie mimi tu. "Panoria, fikiri. Ukimkana, hatavuka mlango wako tena. Hata ukiwa mgonjwa, hataingia."

Nikamwambia, "Mgeni haingii nyumbani kwangu bila kualikwa, na mimi mgeni huyu simwaliki." Nilisema kwa nguvu wasikie mpaka ngazi ya mwisho.

Alikuwa bado amepiga magoti. Alifumbua macho akanitazama muda mrefu, nikaona anaelewa, kidogo kidogo, kama alivyokuwa akielewa hesabu. Midomo ikamcheza. Akainuka, akajipangusa vumbi.

"Samahani, Bi mkubwa," akaniambia. "Nilidhani wewe ni shangazi yangu."

"Wengi hukosea," nikasema.

Akashuka bandarini. Hakukimbia. Mabaharia walikuwa wamepanda juu ya kamba kutazama, na alipokaribia nikasikia mpishi anapiga kelele, "Haya, Marehemu kaja, nanga juu!" Manthos akamwachia njia, na msichana akaenda mwenyewe usukanini. Waling'oa nanga mchana uleule. Nilitazama kutoka darini. Upepo ulikuwa mzuri, nakwambia mapema kabla hujaniuliza.

Anakuja kwako. Mpe nusu yake ya merikebu, mwandikie jina lolote, na usimwachie Manthos kuchagua mabaharia. Mwambie ale. Usimwambie kwamba nilikaa darini mpaka tanga likapotea, ataanza kufikiri mambo.

Jana jioni wanawake wamekuja wote kunipa pole tena, kwa kuwa niliyefiwa nimethibitisha kufiwa. Hata Bi Asimina alikuja, amenuna, na kahawa akanywa. Niliwapokea, nikakaa katikati yao, nikalia kuliko nilivyolia mara ya kwanza. Wakati ule nilidhani amekufa. Sasa najua yu hai, na nyumbani harudi.

Dada yako,
Panoria